Waliokuja Kuhesabu Agosti

Dago, ng'ambo ya mto, Mofu
9 Machi 2024

Kwako Fidel,

Sisi huku tuzima. Mguu wangu wa kushoto huuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haiondoki, kwa hiyo unauma siku zote. Kanisa la kigango limeezuliwa na upepo upande wa kwaya, Jumapili tunaimba tumejibana upande mmoja kama kuku. Beatus amenunua pikipiki nyingine, ndiye atakayeifikisha barua hii Kibaoni na kumkabidhi mtu wa basi la Dodoma. Tangu Desemba tuko huku dago kama kila msimu, kibanda kipya, mpunga mbele ya mlango. Tukishavuna tutarudi kijijini.

Najua umezoea kunipigia simu Jumapili. Simu nimeizima na kuitumbukiza kwenye debe la mchele. Maneno ya simu hayana mwenyewe, kesho mtu anasema sikusema hivyo. Nataka uniandikie na uweke sahihi, maana nasikia kuweka sahihi kwenye mambo yetu ndiyo kazi yako siku hizi.

Januari walikuja watu wa Mradi wa Bonde na vigingi vya zege vilivyopakwa rangi nyeupe. Kigingi namba 41 kimesimama katikati ya jaruba langu, hatua ishirini kutoka kaburi la mama yako. Wakatukusanya, wakatusomea karatasi. Bonde letu linaombewa kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nikauliza, dunia inarithi kwa nani? Mrithi huja baada ya msiba, na sisi hatujafa. Wenzangu walicheka. Msomaji hakucheka.

Akaendelea kusoma kwamba upande huu wa mto "haujawahi kuwa na makazi ya watu, wala mashamba ya kudumu, wala makaburi". Nilikuwa nimesimama na jembe mkononi, Fidel. Nikauliza nani ameandika hayo. Wakasema ni mtaalamu kutoka Dodoma, tena mtu wa huku huku.

Ni wewe uliyeandika? Nijibu ndiyo au hapana.

Shangazi yako,
Balbina


Dodoma
30 Machi 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imekaa kwenye ofisi ya basi siku tisa kabla sijaambiwa. Pole sana na mguu. Mimi sijambo, joto la huku limepungua kidogo. Nina habari njema ambayo nilitaka uisikie kwa sauti yangu, lakini kwa kuwa umeizima simu nitaiandika. Nimepata mchumba. Anaitwa Philomena, ni muuguzi, kwao ni Mahenge, kwa hiyo huna haja ya kuuliza anajua kupika nini. Ndoa tumeipanga tarehe 10 Agosti. Wewe utakaa meza ya mama, sina mwingine wa kukaa hapo.

Paroko wa huku anataka cheti changu cha ubatizo, kipya, kilichotolewa na parokia nilikobatizwa. Naomba uende kwa Padri akunakilie kutoka kitabuni, umpe Beatus anitumie.

Kuhusu vigingi, naomba uelewe, Shangazi. Hili si jambo la kuwachukia watu. Wewe mwenyewe ulinihadithia jinsi sheshe, wale swala wa bondeni, walivyokuwa wakija kunywa maji hadi mlangoni. Leo wako wapi? Ng'ombe wameingia kwa maelfu, miti ya kingo imekwisha, mto unajaa mchanga. Bonde likiingia kwenye orodha, dunia nzima inakuwa na wajibu wa kulilinda. Lakini orodha hiyo ina masharti: lazima eneo liwe na mipaka inayoeleweka, liwe na mpango wa usimamizi, na liwe na ukanda wa kinga usio na shughuli za watu. Tusipofanya hivyo, wajukuu wako watamwona sheshe kwenye picha tu.

Kamati ya mapitio ya mipaka itakaa Ifakara mwezi Juni. Malalamiko yote yapelekwe huko, kuna utaratibu.

Ni mimi mwanao,
Fidel


Dago, ng'ambo ya mto, Mofu
5 Mei 2024

Fidel,

Barua yako imechelewa kwa ajili ya maji. Aprili yote barabara ilikuwa chini ya mto, Beatus alikuwa akivusha abiria kwa mtumbwi na pikipiki imelazwa humo humo. Maji yaliingia kibandani mpaka kwenye mafiga. Mpunga umenusurika. Sasa umeanza kuinamisha vichwa na mimi nashinda naamia ndege, sauti imenikauka kwa kuwapigia kelele kwelea. Kwa hiyo nina hasira tayari hata kabla sijakufikia wewe.

Hongera ya mchumba. Msalimie. Muuguzi ni mtu wa maana.

Shikamoo yako nimeiona. Sitaiitikia. Nimeiweka kwanza, mpaka unijibu nilichokuuliza.

Umeniandikia ukurasa mzima, umenifundisha sheshe. Mimi! Umenifundisha mto! Bwawa lililoko nyuma ya kibanda hiki halivuliwi mpaka maji yashuke na wazee waseme sasa. Baba yako Fulgensi, kaka yangu, alimnyang'anya mtu nyavu akazichoma kwa sababu alivua kabla ya siku. Hakuwa na kofia wala bunduki wala mpango wa usimamizi. Ng'ombe ni wengi, ndiyo, na nimegombana nao miaka mingi. Lakini hata Nkwabi, jirani yangu Msukuma, ambaye fahali wake walinilia jaruba zima mwaka juzi, alikuja na mkewe akaniomba radhi na kunilipa magunia. Tuligombana, tukayamaliza. Ninyi mmetuwekea zege.

Nilikwenda parokiani. Padri alifungua kitabu cha mwaka 1993, akaandika kama kilivyo. Nilimwomba anisomee mara mbili. Nakuandikia hapa ili ujue kimesema nini:

Jina: Fidel. Amezaliwa: 14 Aprili 1993. Mahali: dago, ng'ambo ya mto, Mofu. Amebatizwa: siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, kwa dharura. Aliyebatiza: Balbina, shangazi wa mtoto.

Hadithi unaijua, nimekusimulia tangu ukiwa unanyonya kidole. Maji yalikuwa yamejaa kama mwaka huu. Mtumbwi haukuweza kuvuka kumpeleka mama yako hospitali. Ulitoka kimya, umebadilika rangi, nikajua unakwenda. Nikachota maji ya mafuriko kwa kikombe cha bati, nikakumwagia na kusema maneno kama katekista alivyotufundisha. Ukalia. Mama yako Paulina alikusikia ukilia, ndipo akafa. Tulimzika pale pale penye kichuguu, maana ndiyo sehemu pekee iliyokuwa kavu.

Cheti ninacho, nimekihifadhi. Ni wewe uliyeandika?

Balbina


Dodoma
20 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Sisi wazima. Philomena anakusalimu, anauliza kitenge chako cha harusi kiwe rangi gani.

Naomba usinifanyie hivi. Unajua kabisa bila cheti paroko hatangazi ndoa. Nimekuambia jambo la kheri, wewe umelifanya kamba ya kunifungia. Nani amekuambia mtu mmoja ndiye anayeamua mipaka? Ripoti ile imepita kwenye mikono ya watu kumi na tano, kuna picha za setilaiti, kuna wataalamu waliosoma mpaka wakaota mvi. Mimi ni mtu mdogo. Nina mkataba unaoisha Septemba na ndugu wanaodhani nimeajiriwa na benki.

Na hata ukikasirika, utafiti ni utafiti. Tulitembea upande ule wote kwa miguu siku nne, kutoka kivukoni hadi mwisho wa bwawa, na tulikuta hakuna kibanda hata kimoja. Hata kimoja, Shangazi. Tungeandika nini? Tuandike vitu ambavyo hatukuviona?

Nitumie cheti, tafadhali.

Fidel


Dago, ng'ambo ya mto, Mofu
8 Juni 2024

Fidel,

Tunavuna. Mikono yangu imekatwakatwa na majani ya mpunga, utanisamehe mwandiko. Askari wa mradi wametuambia huu ni msimu wa mwisho, ifikapo Julai mosi asionekane mtu. Juzi nilitaka kupalilia kaburi la mama yako, nyasi zimefika kiunoni. Askari mmoja, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, huko ndani sasa ni lazima uwe na kibali." Nikamuuliza kibali cha kumpalilia wifi yangu kinatolewa na nani. Akasema hajui, ataulizia. Nilimwacha amesimama nikaenda nikapalilia. Hakunigusa, lakini aliniandika jina.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Umeandika "tulikuta". Kumbe ulikuwepo. Asante, hiyo ni nusu ya jibu langu.

Mlikuja lini? Usihangaike, nitakuambia mimi. Mlikuja Agosti. Nkwabi alikuwa ananywesha ng'ombe kivukoni, akaja mpaka nyumbani kwangu kijijini, akaniambia, "Mayu, mama yangu, mwanao yupo mtoni na gari jeupe, amevaa kofia kubwa." Nikafurahi kama mjinga. Nikachinja jogoo. Nilisonga ugali wa watu wawili siku tatu mfululizo, Fidel, nikikaa nao mpaka unapoa. Siku ya nne Nkwabi akasema gari limeondoka. Nikamwambia labda alikuwa na haraka ya kazi. Sikukuambia kitu kwenye simu miezi yote ile, na wewe hukuniambia. Kila Jumapili tunaulizana habari za mguu.

Nilidhani unanionea haya kwa umaskini wa nyumba. Sikujua unanionea haya kwa kazi uliyokuja kufanya.

Agosti! Nani katika bonde hili hajui kwamba Agosti hakuna dago? Tukishavuna tunabomoa. Nyasi tunachoma, miti tunabeba kichwani kuvuka nayo kijijini, kwa sababu tukiiacha mchwa wanaila na wapitao wanaifanya kuni. Ndivyo walivyofanya babu zetu, ndivyo tulivyofanya mwaka jana. Wenzako kumi na nne hawakujua, ni watu wa mbali, siwalaumu. Wewe ulibeba nguzo hizo kichwani kila Julai mpaka ulipomaliza kidato cha nne! Ulikuwa unalia zinakuuma shingo! Ulisimama kwenye shamba lililovunwa, unakanyaga majivu ya kibanda chetu, ukaandika hakuna mtu.

Na kaburi? Kichuguu kile hukukiona? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, mimi nikadhani wanasema chawa.

Kamati inakaa Ifakara tarehe 26. Njoo useme ulikuja mwezi gani. Sitaki useme jingine lolote, taja mwezi tu.

Balbina


Dodoma
18 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Tumeagizwa kwa maandishi tusizungumze na pande zinazolalamika mpaka kamati imalize. Hata barua hii sikupaswa kuiandika. Sitaweza kuja tarehe 26.

Cheti, Shangazi. Nakuomba kwa magoti.

Fidel


Mofu kijijini
29 Juni 2024

Fidel,

Nimesharudi kijijini kupumzisha mguu. Mpunga umeanikwa, ni magunia ya kutosha, Mungu ashukuriwe. Sina habari nyingine ya kheri.

Nilikwenda Ifakara. Nilivaa kile kitenge cha Pasaka, na cheti chako nilikifunga kwenye pindo la khanga. Tulikaa nje ya ukumbi tangu asubuhi, sisi wa Mofu, na Wasukuma wa Nkwabi, na wengine waliotoka mbali upande wa Chita. Ndani kuna mama mmoja mwenyekiti wa kamati, mtu mzima, si mbaya. Ripoti yenu ikasomwa tena. Nkwabi akasimama akasema wakulima wanakaa huko miezi nane kila mwaka, yeye mwenyewe ni shahidi, amewahi kufukuzwa na mimi kwa fimbo. Mwenyekiti akauliza, kuna karatasi yoyote ya zamani inayoonyesha mtu aliwahi kuishi, kuzaliwa au kuzikwa huko?

Watu wa Mofu wote wakanigeukia. Wanajua. Nani asiyejua ulizaliwa wapi?

Nilishika pindo la khanga. Nikafungua fundo. Kisha nikaona jinsi itakavyokuwa. Nitakisoma, na mle ndani watasema huyu mtaalamu ameandika kwamba hapajawahi kukaa mtu, na yeye mwenyewe kazaliwa hapo. Watacheka, Fidel. Watakucheka watu ambao hawakukufuta kamasi. Nikafunga fundo. Nikasema sina.

Kwa hiyo nami nimesema uongo mbele ya kamati, tumekuwa wawili katika ukoo. Watu wa Mofu hawajanisemesha tangu tushuke kwenye gari. Nkwabi peke yake alinibebea mzigo wangu. Nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na mimi, maana nilikulea hivyo, kila ulipokosea nilikufunika.

Mwenyekiti ametoa mpaka tarehe 31 Julai. Mwenye ushahidi aupeleke kwa mkono wake.

Cheti hiki hapa, kimo ndani ya bahasha. Kaoe. Harusini nitakuja kwa ajili ya Philomena, lakini usinikalishe meza ya mama. Hiyo ina mwenyewe, na ninyi mmeandika kwamba hayupo.

Balbina


Kibaoni, Ifakara
27 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Naandika nikiwa hapa Kibaoni, saa chache kutoka kwako kwa pikipiki, na sijaja nyumbani. Safari hii si kujificha. Naogopa kusimama mlangoni kwako kabla hujayasoma haya.

Barua yako niliisoma kazini, nikaingia chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga. Nilimpa Philomena aisome. Alisoma zote, tangu ya Machi. Akaniuliza swali moja tu: uliula ule ugali? Nikasema sikuula. Akanirudishia cheti akasema, "Mimi siolewi na karatasi hii. Ipeleke inakohitajika."

Jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nilimpa cheti kwa mkono wangu, na maelezo yangu kurasa mbili, nakala nimeambatanisha, nimeweka sahihi kama ulivyotaka. Aliyasoma mbele yangu. Akauliza, "Ulijua wakati ule?" Nikasema nilijua. Akaandika hilo pia. Amesema hawezi kuahidi kitu, ila watalazimika kurudi kuhesabu msimu wa mpunga, na kaburi litaingizwa kwenye ramani. Leo asubuhi ofisi imenipigia kuniambia nisirudi kazini mpaka watakaponiita. Hawataniita.

Cheti kimebaki kwenye jalada la kamati. Padri anaweza kuandika kingine, najua, lakini tumeisogeza ndoa mpaka baada ya mavuno yajayo. Philomena anataka kwanza aone mahali penyewe.

Bado naamini bonde linahitaji ulinzi. Mto nilioukuta Agosti si mto nilioogelea. Nilijiambia kwamba jambo kubwa namna ile linaweza kubeba uongo mdogo, na uongo mdogo wenyewe ulikuwa ninyi.

Swali lako la Machi. Ndiyo, ni mimi niliyeandika. Niliandika Agosti. Kwenye kichuguu nilifika, nikasimama, na mwenzangu alipouliza pale pana nini nikamwambia mchwa.

Fidel


Dago, ng'ambo ya mto, Mofu
31 Julai 2024

Fidel,

Kurasa zako mbili nimezisoma kanisani mbele ya watu wa Mofu, Padri ameniruhusu. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini walipotoka, waliniuliza habari za mguu. Unaendelea vizuri.

Tumerudi huku dago juzi, vibanda tulikuwa hatujavibomoa. Askari wamepita mara mbili wakituangalia, yule wa kibali ameniambia bado anaulizia. Mwaka huu tumekubaliana, hakuna anayebomoa. Nyasi hazichomwi, nguzo hazivuki mto, mchwa wale wakitaka. Vibanda vyote vimesimama, nimevihesabu mwenyewe, ni sitini na tatu. Agosti ikifika, atakayekuja kuhesabu atatukuta tumekaa mlangoni.

Mwambie Philomena kitenge changu kiwe cha kijani. Umlete. Njoo na panga, nyasi za kwa mama yako zimeota tena.

Jogoo wa mwaka jana nilimla peke yangu. Yupo mwingine.

Marahaba, mwanangu.

Shangazi yako,
Balbina